Dagaa wangu walionekana wamenyeshewa: uzoefu wangu na fokasi na mwanga wa kamera ya simu

Mteja wangu wa Dodoma alinirudishia picha niliyomtumia, na chini yake maneno matatu: "Hawa wamenyeshewa, dada."

Dagaa wale niliwachagua mwenyewe sokoni Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi na mapema. Walikaukia kwenye chanja, ukimshika mmoja anavunjika kwa kidole, na tumbo lake linang'aa. Kwenye picha walikuwa wa kijivu kama majivu ya jana. Kwa anayeijua biashara hii, kufifia hivyo kuna maana moja. Dagaa akipigwa na mvua kabla hajakauka hupoteza mng'ao, anageuka kahawia, anaanza kunuka, na mwisho wake ni chakula cha kuku. Mteja hakuwa na kosa. Alihukumu alichokiona, na nilichomwonyesha hakikuwa mzigo wangu.

Simu yenyewe ni Android ya bei ya kati. Niliinunua Makoroboi, na muuzaji alinisifia sana megapikseli zake 50. Nilidhani namba hiyo inatosha, kumbe megapikseli haziambii kamera dagaa mweupe awe mweupe kiasi gani. Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, anayepiga picha za mahafali kule Nyegezi. Aliiangalia ile picha, akaniuliza, "Dada, hivi ukipiga huwa unagusa kioo?" Nikamwambia nagusa kitufe cha kupigia. Akasema, "Basi simu ndiyo inayoamua kila kitu, wewe unaibebea tu."

Alinieleza hivi, na nimelihakiki mwenyewe mara nyingi. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga ulio mbele yake, kisha inautafutia wastani, kama vile kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye chanja la wavu mweupe, dagaa wa rangi ya fedha, jua la saa sita, inaona mwanga umezidi na inaupunguza. Weupe unakuwa kijivu. Ukiielekeza kwenye mtumbwi mweusi uliopakwa lami inafanya kinyume: inaongeza, na weusi unafifia. Dagaa wa ziwa letu, Victoria, ni mtihani mgumu kwa kamera kuliko bidhaa nyingi, maana hata jina lake la kitaalamu, Rastrineobola argentea, limebeba neno la Kilatini la rangi ya fedha. Ni kioo kidogo chenye mapezi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Igombe kujaribu. Niligusa kioo palipo na dagaa, kikatokea kiduara, na pembeni yake alama ndogo ya jua. Nikaiburuta ile alama juu taratibu. Nawaambia ukweli, nilisimama pale nikatazama kama dakika nzima. Kijivu kiliondoka, wavu ukawa mweupe, na migongo ya dagaa ikatoa ile rangi ya buluu hafifu unayoiona wakiwa wakavu sawasawa. Nilikuwa nimeongeza kama +0.7 tu. Mdogo wangu aliniambia +1 ni kuongeza mwanga mara mbili, na -1 ni kuupunguza nusu, kwa hiyo hatua ndogo inatosha kabisa.

Nikapata tamaa, nikasukuma mpaka +1.5. Hapo dagaa wakageuka vipande vya karatasi. Hakuna magamba, hakuna mstari wa ubavuni, mng'ao wote umeungua. Na picha iliyoungua hairudi: sehemu iliyokuwa giza unaweza kuinyanyua baadaye kwa programu ya kuhariri, lakini palipoungua hapana kitu cha kunyanyua. Tangu siku hiyo kipimo changu ni jicho la dagaa. Naongeza mwanga mpaka weupe ufanane na ninaouona kwa macho yangu, na nasimama kabla jicho na ngozi iliyolizunguka havijaanza kupotea.

Kitu cha pili nilichokuja kukithamini ni kufuli. Ukigusa tu, simu inashika fokasi (yaani kitu gani kionekane wazi bila ukungu) na mwanga kwa muda, halafu mtu akipita au mkono ukisogea inaanza kupima upya. Ukibonyeza na kushikilia kidole sekunde moja hivi, vyote viwili vinafungwa. Kwenye iPhone yanatokea maandishi ya njano, AE/AF LOCK (AE ni mwanga, AF ni fokasi), na lile jua la kuburuta limekuwepo tangu mfumo wa iOS 8 wa mwaka 2014. Kwenye Android nyingi utaona alama ya kufuli. Mimi sasa nikipiga sado kumi za dagaa kwa mteja mmoja, nafunga mwanga kwenye sado ya kwanza na kupiga zote kwa mwanga uleule. Mteja akizilinganisha anaona tofauti ya dagaa, haoni tofauti ya kamera. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Fokasi yenyewe imenitesa zaidi kuliko mwanga. Dagaa wakiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kamera inashika nailoni: mikunjo inaonekana vizuri sana na dagaa wako nyuma kwenye ukungu. Dawa yake ni kugusa kioo hasa pale ambapo nailoni imelala juu ya samaki, au kufungua mfuko. Nikimweka dagaa mmoja kiganjani ili mteja amwone kwa karibu, fokasi inahangaika, inakwenda inarudi. Nilichelewa kujua kwamba lenzi kuu ya simu yangu haioni vizuri kitu kilicho chini ya nusu shubiri. Sasa narudi nyuma shubiri nzima, nakuza mara mbili, nagusa kichwa cha dagaa, na inashika mara moja. Ile lenzi ya pembeni ya kupigia vitu vya karibu, yenye megapikseli 2, nimeiacha kabisa. Haina fokasi ya kurekebisha na picha zake ni hafifu. Anayenunua simu kwa sababu ya lenzi hiyo asinunue.

Baada ya mwezi nilipakua Open Camera, programu ya bure ya Android aliyoitengeneza Mark Harman. Msimbo wake uko wazi na ndani yake hakuna matangazo. Sura yake si ya kupendeza kama kamera iliyokuja na simu, vitufe ni vidogo, lakini ilinipa vitu viwili nilivyovihitaji sana. Cha kwanza ni histogramu, kigrafu kidogo kinachoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha. Saa sita mchana pale ufukweni kioo cha simu hakisomeki. Unaona picha yote ina giza, unaongeza mwanga, ukifika nyumbani unakuta imeungua. Kigrafu hakidanganywi na jua: kikirundikana ukingo wa kulia, umezidisha. Cha pili ni fokasi ya mbali isiyohama, ambayo niliihitaji usiku. Ujue tu kwamba fokasi ya kuburuta kwa mkono inategemea simu yako inaruhusu nini. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama unaweza kuchagua Camera2 API, njia ya Android inayoiruhusu programu kuiongoza kamera kwa undani zaidi. Simu nyingine zinakubali, nyingine hazikubali.

Usiku huo ulikuwa wa siku za giza, mwezi hauonekani, wavuvi wa dagaa wametoka na taa zao. Ukisimama Igombe unaona mstari wa taa juu ya maji, kama mtaa mwingine umejengwa ziwani. Fokasi ya kawaida ilishindwa kabisa, haina cha kushika gizani, na kila taa ikawa donge la mwanga. Nikaweka fokasi ya mbali, nikashusha mwanga mpaka -2, nikaegemeza simu kwenye jiwe. Taa zikawa nukta, na nyuma yake kidogo ukaonekana mstari wa vilima. Ile picha naipenda hadi leo, ingawa haijaniuzia hata kilo moja.

Kuhusu nyuso za watu nina msimamo. Mama mmoja ninayenunua kwake aliniomba nimpige akigeuza dagaa, ziwa likiwaka nyuma yake. Simu ikiachwa peke yake ilimfanya kivuli, sura haionekani kabisa. Nikagusa uso wake na mwanga ukapanda, anga nyuma ikaungua ikawa nyeupe tupu. Wapo watakaosema picha imeharibika. Mimi nasema hapana, kwa sababu mtu ni wa kwanza, anga la ziwa tunalo kila siku. Ngozi zetu nyeusi zinahitaji mpigaji azitafutie mwanga wake, na kuziacha ziwe doa jeusi kwa sababu ya wingu ni kumkosea heshima aliyesimama mbele yako. Baadaye nilimwomba asogee kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, nikagusa shavu, nikashusha kidogo sana, na tukapata vyote viwili. Aliiweka kwenye status siku tatu mfululizo.

Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa Mwanza, jioni ni kinyume chake. Ukifika karibu na kivuko cha Kamanga saa kumi na mbili na nusu, jua linashukia upande wa Sengerema. Gusa anga pembeni ya jua, funga, shusha kidogo, jiwe liwe jeusi. Pale kivuli ndicho kizuri.

Malalamiko ninayo. Kufuli ya simu yangu hufunguka yenyewe nikihama kutoka lenzi moja kwenda nyingine, hata nikikuza tu kupita kiasi fulani, na hakuna kinachonionya. Picha tano nzima nimewahi kuzipiga nikidhani nimefunga. Na kuna jambo ambalo hakuna kitufe kitakachokusaidia: mafuta ya samaki kwenye lenzi. Ukishika dagaa halafu ukashika simu, kila taa inakuwa na ukungu na kila weupe unachuja. Nafuta lenzi kwa ncha ya khanga ya pamba kabla ya kila picha, kila picha kweli, si kila asubuhi.

Kilichobaki kunishinda ni turubai la buluu. Dagaa wakianikwa au kupangwa chini yake wanapata rangi ya turubai, na hata niongeze au nipunguze mwanga namna gani, ubuluu hauondoki, maana tatizo si kiasi cha mwanga bali rangi yake. Kwa sasa nawatoa nje sado moja moja, kwenye kivuli cha ukuta mweupe.

Hapo ukutani ndipo nilipopiga picha ya mzigo mwingine wa yule mteja wa Dodoma, mwanga umefungwa, +0.7. Nilimtumia kwa ubora wa HD ili WhatsApp isiibane sana picha. Safari hii hakuuliza habari za mvua. Aliuliza basi linaondoka saa ngapi.