Huduma ya kufuatilia ombi la ukaazi: karatasi zimezeekea kwao, wa kulaumiwa mimi

Nchi siitaji na idara siitaji, maana faili langu bado liko mezani kwao. Mliomo kwenye foleni hizi mtajijua. Ninachokadiria hapa ni huduma nzima ya kusubiri uamuzi: ule ukurasa wa kufuatilia ombi, namba ya simu ya maulizo, na barua zao. Anayetaka kujua fomu gani ajaze na ada ni kiasi gani aende kwenye tovuti yao, yamepangwa vizuri sana. Kupanga maelezo ya kulipa wanajua.

Kilichonifanya niandike ni barua. Baada ya kimya cha muda mrefu, niseme tangu mwaka juzi hivi, niliarifiwa kwamba kuna ujumbe mpya kwenye akaunti yangu. Nilifunga mlango kwanza ndipo nikafungua. Sikukubaliwa, sikukataliwa. Barua inasema uchunguzi wangu wa afya umepitwa na wakati, nikapimwe upya kwa daktari waliyemwidhinisha wao, kwa gharama yangu, na nisipotimiza ndani ya muda waliotaja ombi linaweza kutupwa. Ngojeni kidogo hapo. Cheti kile niliwapa kikiwa kipya kabisa. Walikipokea, wakanipa risiti. Kimezeeka kikiwa mikononi mwao, kisha wananiandikia kwa lugha ya mtu aliyenishika nikidanganya: "Hujawasilisha ushahidi halali wa afya." Mimi? Hujawasilisha?

Wanaojua mambo haya wanajua kwamba vipimo vya afya vya uhamiaji havina uhai mrefu. Kanada, kwa mfano, matokeo hudumu miezi 12 tu tangu siku ya kupimwa. Cheti cha polisi kina tarehe yake, pasipoti ina yake, barua ya mwajiri kila ofisi inataka ya juzijuzi. Kila karatasi ina siku yake ya kufa. Uamuzi peke yake ndio hauna tarehe. Nikichelewa mimi, ombi linakufa. Wakichelewa wao, zinakufa karatasi zangu, na mazishi nalipia mimi.

Nisiwaonee, mwanzo ulikuwa mzuri. Kupakia nyaraka hakukunisumbua, siku ya alama za vidole niliingia kwa saa ileile niliyopangiwa, na kijana wa pale alinisubiri kwa upole mashine ilipogoma kusoma kidole gumba. Nilirudi nyumbani nikiwasifu. Kama ningeandika wiki ile, ningewapa nyota nne na ningegombana na yeyote mwenye malalamiko.

Halafu ukaja ule ukurasa. Unaingiza namba ya kumbukumbu, unaingiza nywila, unathibitisha kwa ujumbe wa simu kwamba wewe ndiye wewe, yote hayo ili usome neno moja: "Linashughulikiwa." Jana lilikuwa linashughulikiwa. Mwezi uliopita lilikuwa linashughulikiwa. Na nani? Limefika hatua gani? Nilikuwa naufungua kabla ya kupiga mswaki na naufungua tena kitandani, kama kwamba usiku wa manane kuna ofisa aliyekaa anagonga mihuri. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo liliuma kwelikweli hadi daktari akaniuliza nina mawazo gani.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa wakifuatilia waomba hifadhi nchini Uswisi walionyesha kwamba kila mwaka mmoja wa ziada wa kusubiri ulipunguza kiwango cha watu hao kupata kazi baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia hivi, yaani hata baada ya kukubaliwa. Mimi si mwomba hifadhi na sijifananishi nao, wao wamebeba makubwa. Lakini nilipoisoma ile nilijiona. Husaini mkataba wa nyumba wa muda mrefu, huanzi masomo, hukopesheki. Safari ndiyo usiseme: kuna nchi, Marekani ikiwemo, ambako mwenye ombi la kubadili hadhi, yaani kuwa mkaazi wa kudumu akiwa tayari ndani ya nchi, akitoka nje bila kibali maalumu cha safari, mara nyingi anahesabiwa kuwa amelitelekeza ombi lake. Harusi ya mdogo wangu niliitazama kwenye simu.

Sasa simu ya maulizo. Hii ndiyo iliyonitoa nyongo, barua ilikuja kumalizia tu. Kazini walianza kuniuliza: kadi yako tarehe imepita, tunakuwekaje? Swali halali, na mimi nilikuwa na jibu nusu, kwamba niliomba mapema kabla ruhusa ya zamani haijaisha. Nchi nyingi zimeliona tatizo hili. Uingereza, kifungu cha 3C cha sheria yao ya uhamiaji ya 1971 kinaendeleza ruhusa ya mtu aliyeomba kabla haijakwisha, mpaka ombi liamuliwe. Ujerumani wanatoa karatasi ya muda inayosema huyu bado yuko kihalali. Lakini ofisa rasilimali watu hasomi vifungu, anasoma tarehe kwenye kadi. Basi nikapiga kuomba kitu kimoja tu, barua fupi ya kumwonyesha mwajiri.

Baada ya muziki ule wa kusubirisha, ambao sasa naweza kuupiga kwa mluzi, akapokea mama mmoja. Nikamsalimu, nikajieleza. Akasema ombi linashughulikiwa. Nikamwambia, samahani mama, hilo naliona kwenye ukurasa, mimi naulizia barua ya mwajiri. Akanijibu: "Sasa kama unaliona, umepiga simu ya nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea: wapo waliosubiri kuliko mimi na hawasumbui. Kisha kwa sauti ileile akauliza kama kuna jambo lingine angeweza kunisaidia. Lingine! Baada ya lipi? Dakika chache baadaye ukaja ujumbe wa kunitaka nitoe maoni kuhusu huduma niliyopata. Nikabonyeza kwa hamu zote. Kiungo kilikuwa kimepitwa na wakati.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na maneno yangu yote makali. Ila nilipiga tena siku nyingine, kwa sababu mwajiri hakunipa nafasi ya kununa, na akapokea mzee mwenye sauti ya taratibu. Huyu alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, alilifungua faili. Akanisomea. Ukaguzi wa usalama ulikamilika zamani. Alama za vidole ziko sawa. Faili lilikuwa linangoja kupangiwa ofisa wa kuamua, basi, hakuna zaidi. Akanieleza barua ya mwajiri inaombwaje kwa maandishi, niweke nini kwenye kichwa cha habari ili isipotelee kwenye kapu la maswali ya kawaida. Barua ilifika ndani ya wiki. Nilitamani nimjue jina nimwombee.

Kwa hiyo wana watu wazuri, nikasema, nitawapa tatu. Nikalala usingizi wa kwanza wa maana. Nilipoamka hasira ilikuwa kubwa kuliko ya jana yake. Kumbe taarifa ilikuwepo! Ilikuwa kwenye skrini ya kila mhudumu niliyewahi kuongea naye, yule mama akiwemo. Ukurasa wangu ungeweza kuandika "ukaguzi umekamilika, unasubiri kupangiwa ofisa" na mimi ningejua la kufanya na maisha yangu. Badala yake nimepigwa danadana miezi na miezi, na cheti changu cha afya kikafia kwenye rafu bila mtu yeyote kukigusa. Wema wa mzee yule ndio umewahukumu wenzake wote.

Wanaosema "kuchelewa ni kawaida duniani kote" nimewachoka. Kuchelewa ni kawaida, lakini kuna walioweka kamba. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2004, unataka mwanafamilia wa raia wa Umoja huo anayeishi nchi nyingine mwanachama apewe kadi ya ukaazi ndani ya miezi 6 tangu aombe. Uswidi, ukishakaa miezi 6 bila jibu unaweza kuandika kudai uamuzi, nao wana wiki 4 za kuamua au kukataa dai lako kwa maandishi, na ukikataliwa una pa kukata rufaa. Ujerumani, ikipita miezi 3 bila sababu ya msingi, unaweza kuishtaki ofisi mahakamani kwa kutotenda. Najua kwamba hata huko watu wanasota, wapo niliosota nao hapa wakahamia huko. Lakini wana pa kushika. Sisi huku tuna "lengo la huduma," na lengo hilo huwa linasogezwa mbele kila tukilikaribia.

Kwa walio kwenye foleni, machache yaliyonifaa. Ombeni nakala ya faili lenu kama sheria ya mahali mlipo inaruhusu. Kanada, mtu aliye ndani ya nchi analipa dola 5 tu kwa ombi la taarifa, na wengi huanzia hapo kujua limekwama wapi. Andikeni, msitegemee simu, maana maandishi yana tarehe. Ukurasa ule mimi sasa naufungua siku moja kwa wiki, nywila anayo mke wangu. Na ndugu wanaouliza "vipi makaratasi?" kila wakipiga, niliwaomba waache, nikipata nitatangaza mwenyewe. Wengine walinuna. Wanune.

Alama? Leo mbili. Moja ni ya kijana wa vidole na moja ni ya mzee wa simu, idara yenyewe haina hata nusu. Nimeshapimwa upya, matokeo nimeyapakia, na ukurasa unasema linashughulikiwa. Cheti changu cha polisi kinaisha karibuni. Safari hii sisubiri barua yao: nimeomba kingine, na risiti ya maombi naiambatanisha leo hii na maelezo mafupi kwamba kile cha kwanza wanacho wao, kilikuwa kizima nilipokitoa.