Dark: nimeimaliza, sasa njooni tubishane

Wakuu, ambaye hajaiangalia Dark apite hivi, humu naspoili kila kitu.

Ni sirizi ya Kijerumani, ipo Netflix, sizoni 3, episodi 26, ilianza 2017 ikaisha 2020. Stori ipo kamji kanaitwa Winden, kuna pango, kuna kinu cha nyuklia, na kila baada ya miaka 33 mambo yanajirudia: 1953, 1986, 2019. Dogo Mikkel anapotea 2019 anaibukia 1986, anakulia hukohuko anaitwa Michael, anaoa, anamzaa Jonas. Hapo bado uko sizoni ya kwanza, kichwa kishaanza kuuma.

Kijiwe chetu ni saluni ya kunyolea hapa Sinza na tangu wana waimalize hii kitu Simba na Yanga zimekaa pembeni kabisa. Kinyozi anazima mashine katikati ya kichwa cha mtu anageuka kubishana, mteja amebaki na nusu kipara na yeye badala ya kulalamika anachangia hoja.

Sasa ninachowabishia wana ni hiki, mengi wanayoyaita matobo ya stori sio matobo, ni sheria za humo ndani ila zinakera. Dogo anayeuza makava ya simu hapo nje kakomaa kwamba kama Adam, yaani Jonas mwenyewe akishazeeka, ndo tatizo si wamuue tu yaishe. Walijaribu! Noah, mfuasi wake mwenyewe, anamuelekezea bastola, anavuta, haitoki, anavuta tena wapi, halafu Agnes, dada yake Noah, anaichukua hiyohiyo inafyatuka vizuri tu na Noah ndo anakwenda na maji. Bastola nzima ile, ni kwamba yatakayomkuta Adam mbele yameshatokea, huwezi kumkatisha njiani. Ukikubali hilo, nusu ya ubishi umeisha.

Bro mwingine hataki kusikia ishu ya Charlotte na Elisabeth. Charlotte kamzaa Elisabeth, Elisabeth kakua kazaa na Noah, mtoto wao ndo Charlotte. Anauliza wa kwanza alitoka wapi. Hakuna wa kwanza kaka, ni duara. Hata mimi sijaipenda ila haijapingana na yenyewe mahali popote, na tobo maana yake stori ijipinge yenyewe.

Tobo lenyewe liko mwisho na hapo sitetei. Sizoni mbili na zaidi tunaambiwa hakuna kinachobadilika, tunakubali, tunateseka na Jonas, halafu episodi ya mwisho kabisa Claudia, yule mama aliyekuwa bosi wa kinu cha nyuklia, anamtokea Adam anamwambia kumbe siku ya maangamizi muda unasimama kidogo na hapo ndo unaweza kuchomoka kwenye duara. Aisee! Ni refa kutangaza sheria mpya dakika ya 90. Halafu Jonas na mpenzi wake Martha wanaenda kusimama mbele ya gari la Marek, mtoto wa mzee Tannhaus, jamaa anageuza anarudi kwa baba yake, ajali haitokei, mzee Tannhaus hana sababu ya kutengeneza ile mashine ya muda iliyozaa duara lote, na wao wawili wanafutika. Sawa, ila kama hawakuwahi kuwepo, nani alisimama barabarani? Kinyozi anajibu kwa paka wa Schrödinger, lile fumbo la fizikia la paka ndani ya boksi anayehesabiwa mzima na mfu kwa wakati mmoja, kwamba vyote viwili vilikuwepo kwa pamoja. Paka ametajwa kweli sizoni ya 3, ila kumtaja paka sio kujibu swali.

Pamoja na hayo naipa nane kwa kumi. Waigizaji wa utotoni, ukubwani na uzeeni wanafanana mpaka unahisi ni ndugu, na sizoni ya 3 waliiachia tarehe 27 Juni 2020, siku ileile ambayo kwenye stori dunia inaisha, hao watu wana dharau.

Ushauri kwa mnaoanza: wekeni sauti ya Kijerumani na maandishi chini, ile ya kuingiziwa Kiingereza inaua hisia. Mkichanganya koo, Netflix wana tovuti yake ya ukoo, inakuuliza umefikia episodi gani ili isikuspoili. Na usiangalie huku unachati, ukikosa dakika mbili umepotea, mi nilikuwa narudisha nyuma mpaka bando likaisha.

Halafu anayejua jicho la Wöller, yule polisi, lilipatwa na nini aje aseme, maana jamaa hatimaye kaanza kueleza pale mezani, umeme ukakata. Winden nao!