Steshenari ya mlango wa buluu, juu ya Mwaloni Kirumba: fomu za kura zenye safu mbili

Ukipanda kutoka Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki na dagaa hapa Mwanza, kuelekea barabara ya Airport, utaona chumba kimoja chenye mlango wa bati wa buluu. Ukutani pameandikwa FOTOKOPI kwa rangi ya mkono, basi. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine kubwa ya fotokopi, mashine ya kulamineti na rafu ya kaunta buku na bahasha. Ninawaandikia hasa ninyi mnaosimamia chaguzi za vyama, vikundi na ushirika huku kandokando ya ziwa, maana kazi niliyofanyiwa pale sijaipata kwingine Mwanza.

Mimi nauza dagaa, na ni katibu wa tawi la chama chetu pale mwaloni. Wakati wa kura za ndani za kumpata mgombea udiwani nilikuwa wakala wa dada mmoja ninayepakana naye meza. Nilihitaji fomu za kuandikia matokeo ya matawi matano. Steshenari ya kwanza niliyoenda, huko mjini, walinichapia fomu yenye safu moja tu ya "kura" na jumla chini. Nililipa, nikaondoka nazo, lakini moyo haukutulia.

Kwenye mlango wa buluu kijana aliyekaa kwenye kompyuta alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaichukua fomu yangu na kuisoma yote kabla ya kugusa kibodi. Halafu akauliza: "Mama, kura hizi ni za wanachama au za wajumbe?"

Nikamwambia ni zote. Kwetu wanachama hupiga kwanza kwenye tawi, kisha wajumbe saba wa kila tawi huenda kupiga kwenye mkutano wa kata.

"Basi ziwe safu mbili," akasema, "na zisijumlishwe pamoja hata kwa bahati mbaya."

Akaongeza kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Pembeni ya kila idadi aliweka visanduku viwili vidogo: kimoja "sifuri", kingine "haikuandikwa". Niliona anapoteza wino. Kuchapa kurasa mbili alinitoza 2,000, nakala 40 kwa shilingi 100 kila moja zikawa 4,000, jumla 6,000. Fomu za mjini zilinigharimu zaidi ya hapo.

Siku ya kura ndipo kile kisanduku kilipopata kazi. Dada yetu aliongoza kwa wanachama kwenye matawi manne yaliyoandika vichwa: yeye 611, mwenzake 498. Tawi la tano, la kule mlimani, halikuandika idadi ya wanachama kabisa, lilileta kura za wajumbe peke yake. Kwa wajumbe mambo yaligeuka. Tawi letu lilimpa wote saba, la pili likampa watano, mawili yakampa mmoja mmoja, la mlimani halikumpa hata mmoja. Jumla 14 kwa 21. Tukashindwa.

Kinamama wa mwaloni walilia kwa hasira, na mimi nililia nao. Nani asiyejua gunia la lumbesa? Mnunuzi anahesabu magunia, hahesabu kilo, kwa hiyo aliyejaza hadi juu na kushonea kilemba analipwa sawa na aliyejaza nusu. Tawi letu ndilo lumbesa. Lina wanachama wengi kuliko matawi mawili mengine yakiunganishwa, lakini wajumbe wake ni saba kama wao. Kila mwanachama wetu wa ziada alimwagika nje ya mizani.

Nilirudi kwa yule kijana na fomu zote kwenye mfuko wa plastiki, nikataka anichapie barua ya malalamiko kwamba tumeibiwa ushindi. Hakukataa, wala hakunishabikia. Alichapa kwanza jedwali lenye safu zote mbili, tawi kwa tawi, na pale kwa tawi la mlimani, upande wa wanachama, akaandika "haikuandikwa". Mimi nilikuwa nimeweka sifuri. "Mama, hii sifuri yako ni ya uongo," aliniambia kwa upole. "Wale watu wapo, na walipiga. Hatujui tu walipiga vipi. Ukiwaandika sifuri, unasema hawapo."

Alisoma chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, na mashine ilipokuwa inapata moto alinieleza habari ya Marekani mwaka 2008, ya Barack Obama na Hillary Clinton waliposhindania kuwa mgombea urais wa chama cha Democratic. Mimi nilikumbuka furaha iliyozagaa huku kwetu Obama aliposhinda, kwa vile kwao baba yake ni upande ule wa pili wa ziwa, Kenya. Ugomvi wa hesabu uliotangulia sikuwahi kuusikia. Michigan na Florida, majimbo mawili ya huko, walipiga kura Januari, kabla ya tarehe iliyoruhusiwa na chama, wakavuliwa wajumbe wao. Michigan jina la Obama halikuwepo hata kwenye karatasi, maana alikuwa ameliondoa. Mwisho wa safari upande wa Clinton wakasema wao ndio wenye kura nyingi za wananchi. Na kweli, ukiingiza Michigan na kumwandikia Obama sifuri, Clinton yuko mbele. Ukiitoa Michigan, Obama yuko mbele. Juu ya hapo, Iowa, Nevada, Maine na Washington walichagua kwa mikutano na hawakutoa hesabu ya vichwa, kwa hiyo jumla yoyote ya nchi nzima ilikuwa na mashimo.

Niliposikia hivyo nilinyamaza. Sifuri ya Michigan ilikuwa sifuri yangu ya mlimani.

Akanionyesha na Texas, ambayo ndiyo iliyonigusa zaidi. Huko walipiga mara mbili, kwa sanduku na kwa mikutano ya usiku. Clinton alishinda sanduku, akapata wajumbe 65 kwa 61. Mikutano ikampa Obama 38 kwa 29. Ukijumlisha, aliyeshindwa kwenye sanduku aliondoka na wajumbe 99, aliyeshinda 94. Hakuna aliyeiba, utaratibu ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo. Mei 31 kamati ya chama ilikaa, ikawarudishia Michigan na Florida wajumbe wao kwa nusu kura kila mmoja, na idadi ya wajumbe ya kufikia ili kuteuliwa ikawa 2,118. Obama aliivuka Juni 3, na siku nne baadaye Clinton akasimamisha kampeni yake na kumuunga mkono.

Nimemwomba anichapie maelezo hayo kwenye kurasa mbili na kuzilamineti, 1,500 kila moja. Zimening'inia kwenye meza yangu ya dagaa, na watu wanasimama kusoma. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mjumbe alizisoma akaanza kunihadithia Dodoma mwaka 1995, CCM ilipomchagua mgombea wake wa urais: duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Msuya akatoka, na duru ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Wajumbe walikuwa walewale, isipokuwa swali lilibadilika. Na msemo wa mwaka 2020 wa walioangushwa na wajumbe kwenye kura za ndani, "wajumbe si watu", hapa mwaloni hauhitaji kuelezwa. Mimi siupendi tena. Mjumbe wa mlimani alipiga kura kama alivyoruhusiwa. Kosa langu na wenzangu lilikuwa kuukubali utaratibu wa saba kwa kila tawi tukiwa tumekaa kwenye viti kikaoni, bila kunyoosha hata mkono mmoja, na kuukataa baada ya kuhesabu.

Barua aliyonichapia mwisho haikuwa ile niliyoijia. Haidai ushindi. Inaomba mambo mawili: kila tawi liandike idadi ya wanachama waliopiga, na wajumbe wagawanywe kwa ukubwa wa tawi kabla ya uchaguzi ujao, si baada. Alinisomea kwa sauti mara mbili, akaniuliza kama kuna sentensi ninayoionea aibu mbele ya wale wa mlimani. Ilikuwapo moja. Tukaifuta. Kwa barua hakunitoza zaidi ya ile 1,000 ya kila ukurasa.

Sasa kasoro zake, maana mtakwenda na hela zenu. Hawana jenereta. Umeme ukikatika kazi inasimama, na mimi niliwahi kukaa kwenye benchi kuanzia saa sita hadi saa tisa. Walimu wakileta mitihani ya kurudufu, foleni inatoka nje hadi juani. Karatasi yangu moja ya kulamineti ilitoka na mapovu kwenye kona. Alijitolea kuirudia, nikakataa kwa sababu maandishi yanasomeka. Rangi hawachapi, nyeusi tu. Na ukifika na simu yenye picha za fomu, zipige mwenyewe vizuri kwenye mwanga, kwani wao hawakisii tarakimu isiyoonekana. Watakurudisha nyumbani ukalete karatasi yenyewe. Mimi walinirudisha, nikakasirika, na karatasi ilipofika ile niliyodhani ni 7 ilikuwa 1.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili wanafungua baada ya ibada. Ukienda kwa ajili ya uchaguzi nenda wiki moja kabla, ukiwa na kanuni zenu zimeandikwa, kwa sababu kitu cha kwanza atakachokuuliza yule kijana ni mnahesabu nini, na ukishindwa kujibu hatachapa. Mimi nimeshaagiza fomu 60 za tawi letu, na nimewapelekea wenzetu wa mlimani 15 za kwao. Wamezipokea.