Sentrifuji kubwa ya ESTEC: inafaa kwa jaribio la wanyama?

Anayetaka kujua mwili wa mnyama hufanya nini ukibebeshwa uzito maradufu kwa majuma kadhaa, mashine moja ya kulipima hilo vizuri ni sentrifuji, yaani mashine ya kuzungushia, ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA) iliyopo ESTEC, kituo chake cha utafiti na teknolojia huko Noordwijk, Uholanzi. Kipenyo chake ni mita 8, ina mikono minne, na kila gondola, yaani kasha linaloning'inia mkononi, hubeba hadi kilo 80. Hufika 20 g, mara 20 ya uvutano wa dunia, na yaweza kuzunguka kuanzia dakika moja hadi miezi 6.

Hiyo 20 g mtafiti wa wanyama aisahau. Kazi yake iko kati ya 1.5 na 3 g. Kinachomfaa hapa ni upana. Kwenye mkono wa mita 4, 2 g hupatikana kwa mizunguko kama 20 tu kwa dakika, na gondola huinuka nyuzi 60, hivyo mnyama anahisi sakafu iko chini ya miguu yake vilevile. Mashine ndogo yenye mkono wa nusu mita itadai mizunguko 56 kwa 2 g hiyohiyo. Kipanya wa kimo cha sentimita 3 atavutwa tofauti miguuni na mgongoni kwa karibu asilimia 5. Kwenye ile kubwa tofauti haifiki 1. Akikimbia nusu mita kwa sekunde, nguvu ya Coriolis, msukumo wa kando unaokipata kitu kinachosogea ndani ya mashine inayozunguka, yaweza kumsukuma kwa 0.6 g kwenye mashine ndogo, dhidi ya 0.2 g kwenye kubwa. Hapo hutajua umepima uzito au kizunguzungu.

Na sikio la ndani, linalohisi uvutano na mzunguko, si jambo dogo. Panya wakianza kuzungushwa kwa 2 g, joto la mwili hushuka, mdundo wa usiku na mchana hufifia, chakula hubaki sahanini na mwili hukonda. Vipanya waliozaliwa bila vijiwe vya sikio la ndani hawapatwi na mshtuko huo kwa kiwango cha wenzao. Wenye masikio mazima hutengemaa taratibu, kuanzia siku chache hadi wiki mbili hivi, ila hubaki wepesi na wenye mafuta machache. Ukipima mifupa siku ya 5, umepima njaa. Weka kundi la kando, kwenye 1 g, linalopewa chakula kiasi kilekile wanachokula wale wanaozunguka.

Wala usidhani g zaidi ni mfupa zaidi. Vipanya waliokaa siku 21 kwenye 2 g waliongeza mfupa wa sifongo. Wa 3 g walipata ganda jembamba la mfupa wa paja.

ESTEC ina gondola ya katikati, nayo ni hazina: inazunguka kwa kasi ileile huku uvutano ukibaki karibu 1 g. Kundi la pili la kulinganishia liwekwe humo, la tatu libaki chumbani bila kuzungushwa.

Udhaifu wa huduma hauko kwenye mota, uko kwenye vizimba, ambavyo timu ijiandae kuja navyo. Kwenye 2 g shinikizo la maji kwenye chuchu ya chupa huwa maradufu. Valvu laini huvuja, matandiko hulowa, na mnyama ambaye joto lake limeshashuka hupigwa baridi. Jaribu kwanza kizimba chenye chupa ya maji bila mnyama, saa 24. Kila kusimamisha mashine kwa usafi humrudisha mnyama 1 g na kuanza kumzoesha upya, kwa hiyo weka matandiko mazito, chakula cha siku nyingi, kamera, na kipima joto kinachotuma data kwa redio. Wakati wa kusimama, yasumbue na makundi mengine vivyo hivyo.

Milango ya kuitumia mashine hii ni miwili. Wa kwanza ni mpango wa ESA wa wanafunzi, uliojulikana kama Spin Your Thesis!, lakini siku chache walizokuwa wakipewa zilitosha kuona mshtuko, hazikutosha kuona mwili ukizoea. Wadudu au samaki wachanga ndio chaguo la busara. Wa pili, HyperGES, ya ESA na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga, inalenga nchi zinazoendelea, na Chuo Kikuu cha Mahidol cha Thailand kimeshaitumia, ingawa kwa mmea wa majini. Vyuo vyetu vinaweza kuandika maombi. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, kibali cha maadili chini ya Agizo la Ulaya 2010/63 kianze kushughulikiwa kabla hata ya kuchora kizimba.