PGDE kwa wenye digrii isiyo ya ualimu: nimeimaliza, haya ndo maoni yangu

Kila nikikutana na mtu niliyesoma naye digrii swali ni lile lile, eti hiyo PGDE inalipa au ni kutupa hela, kwa hiyo naandika mara moja hapa, wa kusoma asome.

Kwa asiyejua, PGDE ni Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, ile kosi ya mtu ambaye digrii anayo tayari ila si ya ualimu. Umesoma BSc ya Kemia, au Hisabati, au BA ya Jiografia, au Kiswahili, halafu baadaye unataka uingie darasani kihalali. Matangazo ya ajira ya serikali ya Mwalimu Daraja la III C, ile ya ngazi ya mshahara ya TGTS D, huwa yanasema wazi kabisa: uwe na shahada ya ualimu, au shahada isiyo ya ualimu pamoja na hiyo stashahada. Bila hiyo karatasi utapiga tempo, yaani kufundisha kwa muda bila cheti, shule za praiveti mpaka mvi zikutoke, na siku wathibiti ubora wakisikika wako njiani mkuu wa shule anakuambia ticha leo pumzika nyumbani. Tunaojua tunajua.

Darasa letu lilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kulikuwa na jamaa aliyetoka benki, dada ambaye mradi wa NGO yake uliisha, sista ambaye shirika lake lina shule na anaandaliwa kuja kuiongoza, na kundi kubwa la watu kama mimi, wa tempo, ambao tayari tunafundisha ila hatuna cheti. Kitu kizuri ni kwamba hawa wa tempo walikuwa wanamkatiza mhadhiri kwa maswali ya kweli, "sawa mwalimu, lakini mimi nina watoto 80 na vitabu sita", na hapo ndo mjadala unaanza kuwa mtamu.

Chuo nilichosoma sikitaji maana lengo sio kugombana na mtu. Ila njia kuu kwa hapa kwetu Tanzania ni mbili. Kuna ya kukaa chuoni, kama ile ya Shule Kuu ya Elimu pale Mlimani, UDSM, unaacha kazi unasoma kweli kweli. Na kuna ya kusoma ukiwa kazini, na hapo wengi wanakimbilia Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili hiyo hiyo ya mtu kusoma bila kuhama, makao makuu Kinondoni na vituo viko mikoani, kwa hiyo mtu wa Songea au Bukoba sio lazima ahamie Dar. Vipo na vyuo vingine, vya serikali na vya dini. Mimi ningeshauri kama una kipato na familia usiache kazi, nadharia ya PGDE sio ngumu kiasi hicho, unaisoma usiku ukiwa nyumbani na inaingia.

Nadharia yenyewe sasa. Saikolojia ya elimu, falsafa, historia ya elimu ya nchi hii (Elimu ya Kujitegemea ya 1967 hutaikwepa, isome tu), mitaala, utawala wa shule, upimaji. Kuna vitu vya kukariri na ukishatoka kwenye mtihani unavisahau, sidanganyi. Na kuna kichekesho kimoja kila aliyepita huko atakuambia, unakaa masaa matatu mtu anakusomea slaidi moja baada ya nyingine, na kichwa cha slaidi kinasema mbinu shirikishi zinazomweka mwanafunzi katikati ya somo. Nyuma huko watu wamelala.

Ila Piaget na Vygotsky, wale wanasaikolojia wa jinsi mtoto anavyojifunza, usiwadharau. Mimi nilikuwa nawaona kama majina ya kujibia mtihani mpaka nilipofundisha dhana ya moli, kile kipimo cha Kemia cha kuhesabia chembe zisizoonekana, kidato cha tatu nikaona watoto wananitolea macho tu. Piaget anasema uwezo wa kuchezea kitu kichwani bila kukiona unaanza kujengeka kuanzia miaka kumi na moja hivi na kuendelea, sasa mwalimu anayefundisha vitu visivyoonekana inabidi aanzie kwenye kinachoshikika, na Vygotsky anakuambia mtoto anafika mbali zaidi akishikwa mkono kidogo na anayejua kuliko akiachwa peke yake. Nikaanza na kilo za mchele na kuhesabu punje, moli ikaja mwisho. Haikuwa muujiza, lakini macho yalirudi.

Somo lililonilipia ada yote ni upimaji na tathmini. Huku tempo tulikuwa tunatunga mitihani kwa kukopi pasti pepa usiku wa kuamkia mtihani, basi. Pale nikafundishwa kuanza na jedwali, kwamba mada hii imechukua vipindi vingapi kwa hiyo inastahili maswali mangapi, na mangapi yawe ya kukumbuka tu na mangapi ya kutumia akili. Halafu baada ya mtihani unalipima na swali lenyewe. Kama watoto 36 kati ya 40 wamepata, ugumu wake ni 0.9, hilo ni rahisi mno, halikuambii chochote. Na kama wale wa juu wanalikosa halafu wale wa chini wanalipata, swali lina kasoro, ama umeliandika vibaya ama majibu yako yana utata, usianze kuwatukana watoto. Nimekaa kwenye vikao vingi vya taaluma na sijawahi kuona mtu analipima swali, watoto tu ndo wanapimwa kila siku.

Mbinu za kufundishia nazo zina shida yake. Andalio la somo tulifundishwa kwa mtindo wa zamani, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho, hatua tano ndani ya dakika 40 na darasa la watoto 70, piga hesabu mwenyewe. Tukafika shuleni tukakuta mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na lugha nyingine, umahiri mkuu, umahiri mahususi, na fomu ya andalio imebadilika, mwalimu wa taaluma anatuangalia kama tumetoka kaburini. Chuo kinachofundisha walimu ndo kilitakiwa kiwe cha kwanza kujua haya mabadiliko, lakini sisi tuliyajulia kwenye ofisi ya walimu.

Haya, tuje kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, maana hapo ndo kosi yenyewe ilipo. Hizo wiki za kwenda kufundisha kwa vitendo ndo zinakufanya mwalimu, au zinakuonyesha kwamba hii kazi huiwezi. Tatizo ni kwamba kwa PGDE huwa ni fupi ukilinganisha na wenzetu wa BSc na Elimu au BA na Elimu ambao wanaenda zaidi ya mara moja katika miaka yao ya chuo. Gharama zake pia hakuna anayekuambia mapema, chumba, nauli, manila, makapeni, kuprinti maandalio, na kama umepangiwa nje ya mji ndo utajua.

Kitu ambacho hakuna kosi iliyonifundisha ni lugha. Watoto wengi wa kidato cha kwanza wametoka shule za msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, leo wanakutana na Kemia kwa Kiingereza. Kila mwalimu wa sekondari hapa nchini anajua kinachofanyika, unaandika ubaoni kwa Kiingereza unaeleza kwa Kiswahili, maisha yanaenda. Siku supavaiza akija unafundisha Kiingereza kitupu na darasa linakuwa bubu, watoto waliokuwa wanagombania kujibu jana leo wanaangalia madaftari, na supavaiza anaandika kwenye fomu kwamba mwalimu hashirikishi wanafunzi. Sasa ushirikishe nani? Hili lingekuwa na moduli yake peke yake, jinsi ya kumvusha mtoto kutoka lugha moja kwenda nyingine ndani ya somo la sayansi, badala yake tulikuwa na wiki nzima za maana ya elimu kwa mujibu wa mwanafalsafa huyu na yule.

Jamaa mmoja wa kundi letu alisikia supavaiza anakuja akarudia kipindi alichofundisha jana yake ili kiende vizuri. Kikaenda vizuri kweli, mpaka mtoto wa mbele akasema ticha mbona hii tumeandika jana. Alipewa alama za wastani na jina la utani mpaka tunamaliza.

Usimamizi nilioupata ulikuwa wa aina mbili na tofauti yake ni mbingu na ardhi. Wa kwanza alichelewa, akakaa nyuma dakika chache na simu yake, akasaini, akaniambia endelea hivyo hivyo. Kuendelea na nini sijui. Wa pili, mama mmoja mtu mzima, alikaa vipindi viwili vyote na hakusema neno. Tulipotoka akanionyesha karatasi, alikuwa amechora madawati yote na kuweka alama kila mtoto niliyemuuliza swali. Alama zote zilikuwa safu mbili za mbele, upande wa kushoto. Upande wa dirishani, ambako walikaa karibu nusu ya darasa, hakuna hata moja. Hakunisema vibaya, aliniuliza tu wale wa dirishani majina yao unayajua? Akanieleza na habari ya mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, ambaye miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu wenyewe au kuhamia kwa mwingine, na wakijizuia mpaka sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na hata wale wakimya wanaanza kunyoosha mikono. Sekunde tatu unaweza kuziona ndogo, hebu simama mbele ya kidato cha pili B saa nane mchana uzihesabu.

Na kama ukibahatika kupata mwalimu mwenyeji mzuri hapo shuleni, ng'ang'ania. Mimi nilipata madam wa Diploma, kafundisha tangu enzi za chaki za vumbi zima, nilikuwa naenda kukaa nyuma ya darasa lake hata siku ambazo sina kipindi. Kugawa ubao, kunyamaza badala ya kupiga kelele, kusahihisha madaftari 70 bila kuyabeba nyumbani, hivyo havimo kwenye kitini chochote.

Kuhusu ajira niseme ukweli, PGDE inakuingiza kwenye foleni, kazi haikupi. Siku hizi walimu wanaitwa kwenye usaili kama kada nyingine na waombaji ni wengi, wa sayansi na hisabati wana unafuu kidogo. Kwenye praiveti kuna wakuu wanaoipenda kwa sababu mtu wa BSc anakuwa kaiva kwenye somo lake, na kuna wanaotuita walimu wa kurukia treni. Na kabla hujalipa fungua transkripti yako uangalie kama una masomo yanayofundishwa shuleni, maana mtu mwenye Sosholojia au Uhusiano wa Umma atasoma na kufaulu kisha akose kipindi cha kupewa. Binamu yangu wa Mombasa anasema kwao Kenya TSC, tume inayosajili walimu, wanaenda mbali zaidi, wanataka masomo mawili ya kufundishia na C+ katika hayo mawili kwenye KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, kwa hiyo kama matokeo yako ya sekondari hayafiki hapo PGDE haikusaidii kusajiliwa. Digrii ya nje nayo ipitishe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza ndo uanze kuhangaika na fomu.

Kwa ujumla naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nadharia tatu, upimaji tano, usimamizi wa BTP mbili, na hizo mbili zimebebwa na yule mama. Ningekuwa naanza leo nisingechagua chuo kwa ukubwa wa jina wala kwa unafuu wa ada, ningepiga simu niwaulize nitasimamiwa mara ngapi, atakayekuja anajua somo langu au ni yeyote mwenye gari siku hiyo, na andalio mnalofundisha ni la mtaala upi. Wakikujibu utaambiwa ukishasajiliwa, hela yako ipeleke chuo kingine.