Laptopu ya kununua Dodoma ukitaka kuhamia Linux: kuanzia namba moja hadi za kukimbia

Tarehe 14 Oktoba 2025, wakati wengi wetu tuko nyumbani kwa mapumziko ya Siku ya Nyerere, Microsoft walifunga matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya ulinzi ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo huko Ulaya na Marekani zilikuwa mezani kwa watu wa ofisini, zikakosa sifa kwenye karatasi ilhali vyuma vyake bado vizima.

Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, haina sharti hilo. Ndiyo maana nasema anayehamia huko ana upenyo ambao mnunuzi wa Windows hana: ule mstari kati ya kizazi cha 7 na cha 8 ndio punguzo lako. Muuzaji akikuambia "kaka, hii haipandi Windows 11", usinune. Anza hapohapo kushusha bei.

Nimeandika nikimfikiria mwanachuo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), mwenye steshenari pale Majengo, na mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anayetaka mashine yake mwenyewe, siyo ya ofisi. Wote hawa wananunua iliyotumika, na mfuko wao ni laki nne, tano, au sita ikibidi kubanwa.

Kwanza nunua flashi

Kabla ya laptopu, nunua flashi ya GB 16. Weka humo Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa kutumia programu ya Rufus au Ventoy kwenye kompyuta ya rafiki. Faili lake ni chini kidogo ya GB 3, kwa hiyo lipakue mahali penye Waifai usije ukamaliza bando. Linux huweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski, na hiyo ndiyo silaha yako dukani. Unamwomba muuzaji aizime mashine, unachomeka flashi, unawasha huku unabonyeza F12 kama ni Lenovo au Dell, F9 kama ni HP. Dakika mbili tatu baadaye uko ndani ya Mint, na sasa mashine inajieleza yenyewe, siyo muuzaji.

Unganisha Waifai kwa kutumia simu yako. Cheza wimbo wowote usikie spika. Fungua kamera. Andika herufi zote kwenye kibodi, na uitazame vizuri, maana mashine nyingi zilizotoka Ulaya zina mpangilio wa Kijerumani au Kifaransa. Linux itaubadilisha kwa mibofyo michache, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitabaki vilevile. Funika kioo, subiri kidogo, kifunue: imeamka? Mwisho fungua dirisha la amri (Terminal), uandike upower -d, utafute mstari wa "capacity". Hiyo ni asilimia ya betri iliyobaki ukilinganisha na ilivyotoka kiwandani. Mimi chini ya 60 naanza kujadili bei ya betri mpya palepale.

Muuzaji akikataa flashi, aga uondoke. Sisemi hivi kwa ukali tu. Miaka michache iliyopita nilinunua laptopu Dar, nikarudi nayo kwa basi nikiwa na furaha zangu. Nyumbani nilipobonyeza F12 ikadai nywila. Ilikuwa ya kampuni fulani huko ilikotoka, imefungwa ndani kabisa kwenye BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, na Windows iliyokuwemo ilikuwa inafunguka kama kawaida, ndiyo maana dukani sikugundua. Nilipopiga simu nikajibiwa "hiyo ni kawaida, kaka". Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na flashi ya GB 16 ingelifungua gunia lile pale pale kaunta.

Jambo jingine la kusoma kabla ya bei ni namba ya prosesa. Kibandiko cha i7 kimewaponza wengi. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuambia ni kizazi cha 6. i7 ya kizazi cha 2 ni mzee mwenye cheo. I5 ya kizazi cha 6 inatosha. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, hata kama ni ya GB 128. Ukikuta mashine nzuri yenye diski ya kuzunguka, toa bei ya SSD kwenye bei unayotaja.

Namba moja: ThinkPad T470

Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma unayoweza kuichomoa mashine ikiwa inafanya kazi. Umeme wa LUKU ukikata saa nne usiku na duka limefungwa, unachomoa iliyokwisha, unachomeka ya akiba, unaendelea kuandika. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kununua leo yenye GB 8 na mwakani ukaongeza bila kutupa ya zamani. Waifai yake kwa kawaida ni ya Intel, ambayo Linux huitambua bila kuombwa.

T480 ni ndugu yake wa kizazi cha 8, mwenye viini vinne badala ya viwili. Kama unahariri video au unaandika programu kubwa, tofauti utaiona. Kama kazi yako ni ripoti, kivinjari na vikao vya mtandaoni, tofauti ya bei ikizidi laki moja bakia na T470, uitumie hiyo laki kwa betri ya akiba.

Namba mbili: HP EliteBook 840 G3 au G4

Kwa sababu moja tu ningeweza kuipandisha namba moja: inapatikana. Mafundi wengi wameshaifungua, na kutafuta kioo au kibodi yake si safari. Mwili wake ni wa alumini, nafasi za RAM ni mbili, na inapokea Mint bila kelele. Kinachokera ni kisoma alama ya kidole, ambacho kwenye Linux mara nyingi hakifanyi kazi. Utaandika nywila kama wenzako.

Angalia sana namba iliyoandikwa. Kuna EliteBook 745 inayofanana nayo kama pacha, ila ndani ina prosesa ya zamani ya AMD iliyo dhaifu zaidi. Wakizipanga mezani pamoja, ukiwa na haraka utabeba pacha asiye wako.

Namba tatu: Dell Latitude 7480

Mashine safi, nyembamba, na Dell wenyewe wamekuwa wakiuza baadhi ya kompyuta zao zikiwa na Ubuntu, toleo jingine la Linux, kutoka kiwandani tangu 2007. Nimeishusha kwa ajili ya chaja. Dell huitambua chaja yake kwa pini nyembamba ya katikati. Pini ikikatika au chaja ikiwa ya kuiga, mashine inaweza kugoma kuchaji na kujipunguza kasi, na wewe utadhani Linux ndiyo nzito. Jaribu chaja ileile utakayoondoka nayo.

Namba nne: ThinkPad X250 au X260

Hizi ni za mfuko mwembamba na begi dogo. Kioo ni inchi 12.5, nafasi ya RAM ni moja tu, kwa hiyo hakikisha tangu mwanzo iliyomo ni GB 8. Kwa mwanachuo anayepanda daladala kutoka Ng'ong'ona kila siku, sioni ubaya.

Mwenye steshenari asinunue laptopu kabisa. Achukue kile kiboksi cha mezani, ThinkCentre Tiny au OptiPlex Micro, akiambatanishe na kioo cha kawaida na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi huingia kila mahali, na kiboksi hicho fundi hukifungua na kukipuliza kwa muda mfupi kuliko laptopu. Hata wenye laptopu, mwombe fundi asafishe feni kabla hujaanza kuitumia, usisubiri ianze kuunguruma.

Za kukimbia

Laptopu mpya kabisa, ya bei ya chini, yenye prosesa dhaifu ya Celeron na hifadhi ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye ubao. Ni mpya, kweli, na inang'aa. Lakini huongezi RAM, hubadilishi diski, na baada ya masasisho machache inajaa. Rahisi ghali. Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, nazo ni zilezile, tena nyingi zina ulinzi unaohitaji ufundi kuuondoa kabla ya kuweka mfumo mwingine. MacBook Air za zamani zinavutia macho, ila nyingi zina Waifai ya Broadcom inayodai intaneti ili upakue programu ya kuendesha Waifai. Ukishaingia kwenye mtego huo, chomeka simu kwa waya wa USB na ushiriki data. Linux huipokea simu kama mtandao wa kawaida.

Dar au hapahapa?

Kariakoo kuna uchaguzi mpana, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, kwenda na kurudi siku moja kunawezekana. Hesabu nauli ya safari mbili, siyo moja, kwa sababu ikikorofisha utairudisha. Mimi sasa nanunua hapahapa mjini hata nikiongezewa elfu thelathini, mradi nipewe risiti na muda wa majaribio ulioandikwa kwa maneno, siyo kwa mdomo.

Mfumo upi ndani yake?

Zote hizi ni bure, kwa hiyo kukosea hapa hakuna hasara ya fedha. Linux Mint kwanza: menyu iko kushoto chini kama ulivyozoea, na toleo la 22 litapata matengenezo hadi 2029. Ubuntu ya pili, aliyoianzisha Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth mwaka 2004. Ni nzuri, lakini faili la 24.04 linakaribia GB 6, na bando ni lako. Mashine yenye GB 4 za RAM ipe Lubuntu au Xubuntu. Debian, ya tangu 1993, wachie waliokwisha kuzoea.

Uandishi wa nyaraka utafanya kwa LibreOffice, iliyochipuka 2010 kutoka OpenOffice, ileile ambayo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 ikaitwa Jambo OpenOffice. Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini na NeST ya manunuzi ya Serikali ni mambo ya kivinjari, yanafunguka. Yasiyokwenda ni AutoCAD, Photoshop na QuickBooks ya kusakinisha kwenye kompyuta. Ukiishi kwa mojawapo ya hizo, iache Windows yako ilipo na uweke Mint pembeni yake kwenye diski ileile, kisakinishi kitakuuliza.

Printa ndiyo itakayokusumbua kuliko laptopu. HP nyingi Mint huzitambua ukishachomeka waya. Ile Canon LBP2900 iliyojaa kwenye steshenari itakumalizia jioni nzima, na hata ikikubali, siku moja itagoma bila sababu. Nyumbani kwangu ipo, juu ya kabati. Ya kuchapa nahifadhi kama PDF, nabeba kwenye flashi ileile ya GB 16, navuka barabara.