Vifaa vya mzee mwenye dimenshia: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi ukiache dukani

Kama umeanza kutafuta vifaa vya mzee wako anayesahau najua umeshakutana na matangazo kibao, saa za GPS, vitufe vya dharura vya kuvaa shingoni, vidonge vya kurudisha kumbukumbu, na kila muuzaji anakwambia chake ndo mwisho wa matatizo. Mimi kipimo changu ni kimoja na hii orodha yote nimeipanga kwa hicho: kifaa kinafanya kazi bila mzee kukumbuka chochote, au kinamtegemea yeye? Maana Alzheimer, ambayo ndo aina inayoongoza ya dimenshia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, huwa inaanzia kula ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya mwaka 1965 anayo yote, nani alimuoa nani na nani hakumaliza mahari, ila ulichomwelekeza jana jioni hakipo. Sasa ukimletea kitu kipya chenye kitufe ukamwambia "mama ukipata shida bonyeza hapa", unamwomba kile kile ambacho ugonjwa umeshachukua.

Ila hospitali kwanza, hela baadaye. Kuna kusahau kunakotokana na tezi ya shingo, au kupungukiwa vitamini B12, au dawa zenyewe anazokunywa, na hizo zinarekebishika. Na mzee akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, akawa anaongea visivyoeleweka, mara nyingi hapo kuna maambukizi mwilini, mpeleke apimwe, hiyo sio ya kukimbilia Kariakoo.

Haya. Bei nitakazotaja ni za Dar na ni za kubishana, usilipe ya kwanza unayotajiwa.

Namba moja: bangili yenye namba ya simu

Najua ulitegemea nianze na kitu cha betri. Hapana. Mzee mwenye dimenshia akitoka nje akapotea anayemrudisha nyumbani ni mtu, bodaboda, mama ntilie, mlinzi wa geti la mtu, na huyo mtu anahitaji namba ya kupiga basi. Na kwetu kuna hatari ambayo wazungu kwenye miongozo yao hawaiandiki: bibi kizee akikutwa usiku anazunguka uwanjani kwa watu, hajui katokea wapi, kanga imemdondoka, watu hawasemi "huyu mgonjwa", wanasema mchawi. Babu naye akijaribu kufungua mlango wa nyumba asiyoijua anaitiwa mwizi. Wazee wameumizwa na kuuawa nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo, kwahiyo maandishi mawili matatu mkononi yanaweza kuokoa maisha kabisa.

Nenda kwa fundi wa kuchora maandishi kwenye chuma, wale wanaotengeneza vibao vya majina na mihuri, mwambie akuchoree kibati cha chuma kisichoshika kutu: MGONJWA WA KUSAHAU, PIGA, halafu namba mbili za watu wawili tofauti, maana simu ya mmoja ikiwa imezimwa imekula kwako. Anwani ya nyumba usiweke. Mvalishe mkono anaoutumia zaidi, anayetumia kulia wa kulia anayetumia kushoto wa kushoto, kwasababu kufungua bangili kwa ule mkono dhaifu ni kazi na wengi wanaishia kuiacha. Kufuli yake iwe ile inayotaka vidole viwili. Halafu chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba hizo hizo kwenye kola ya kanzu kwa ndani, kwenye pindo la kanga, kwenye soli ya kandambili. Gharama yote haifiki elfu thelathini na haichajiwi.

Namba mbili: alamu ya mlango

Hii ina vipande viwili, kimoja unabandika kwenye mlango kingine kwenye fremu, ndani kuna sumaku, mlango ukifunguka sumaku inaachana na mwenzake inalia. Zipo za elfu kumi mpaka ishirini na tano hivi.

Sasa kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Ile rahisi zaidi inalilia pale pale mlangoni, kelele kama king'ora cha gari, na mzee aliyechanganyikiwa saa nane usiku akipigiwa kelele masikioni anapaniki, anaweza kukusukuma au kukimbia kweli. Tafuta ile ambayo kengele yake iko mbali, unaichomeka chumbani kwako, mlangoni kimya kabisa na wewe huku unasikia ding dong unaamka unamfuata taratibu unamuuliza "bibi unaenda wapi, ngoja nikusindikize". Wauzaji wanaiita kengele isiyo na waya yenye sensa ya mlango, sensa yaani kihisi. Ijaribu hapo hapo dukani, mtume muuzaji asogee maduka manne matano na kipokezi, maana kuta za tofali zinakula mawimbi. Na ibandike kwenye mlango wa mbao, usibandike kwenye geti la nondo, chuma kinaivuruga sumaku utakuja kulaumu kifaa bure.

Kuna watu wanaona bora wafunge kufuli kwa nje wakalale. Moto ukiwaka je? Achaneni na hiyo.

Namba tatu: taa za sensa

Fupi tu. Mzee anaamka kwenda msalani gizani, anaanguka, nyonga inavunjika, na kutoka hapo dimenshia inashuka mteremko. Taa inayowaka yenyewe mtu akipita, moja usawa wa kitanda, moja korido, moja msalani. Nunua zenye betri ya kuchaji ndani, LUKU ikiisha usiku ziendelee. Na ukishaweka taa toa lile zulia dogo jeusi mlangoni, macho ya mgonjwa yanaweza kuliona kama shimo, ndo maana anagoma kuvuka na nyie mnasema ana ukaidi.

Namba nne: saa ya ukutani, lakini sio ile mnayoagiza

Hapa nina ugomvi kidogo na ndugu zetu mlioko majuu. Kuna saa za kidijitali zinauzwa Ulaya na Marekani mahsusi kwa wenye dimenshia, skrini kubwa, inaandika siku, tarehe, na kama ni asubuhi au jioni. Kule ni nzuri kweli. Ila mzee wa Tanga au Pemba ukimwekea ukutani 8:00 yeye anasoma saa nane, na nje jua ndo kwanza linapanda, umemwongezea kuchanganyikiwa kwa hela yako. Kuna mjanja mmoja alisema tuirudishe nyuma masaa sita ionyeshe 2:00. Sawa, namba zimekaa, lakini sasa saa yenyewe inaamini ni usiku wa manane na inaandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa, na kwa kingereza juu yake.

Saa ya mishale ndo jibu. Yule mzee ameisoma maisha yake yote, mshale mfupi ukiwa kwenye nane anakwambia saa mbili bila kufikiri, hiyo ni kumbukumbu ya zamani na bado ipo. Nunua kubwa, uso mweupe, namba nyeusi, isiwe na maua maua wala kioo cha kung'aa. Pembeni yake tundika kalenda ya kuchana, ile ya karatasi moja kwa siku moja, na kuchana iwe kazi ya mtu mwingine kila asubuhi kabla mzee hajaamka.

Kwa nyumba ya Waislamu ongeza saa ya adhana, zimejaa madukani, unachagua mji wako mara moja inaadhini yenyewe swala zote tano. Siku ya mtu mzima wa pwani imefungwa kwenye swala tangu utoto, akisikia Alasiri anajua jua liko wapi na chai iko karibu. Katika vitu vyote kwenye orodha hii ndo kitu ambacho mzee mwenyewe anakipenda, vingine vyote anavivumilia tu.

Namba tano: GPS na vitagi

Watu wanaanzia hapa mimi nimeweka namba tano, sababu ninayo. Mjomba aliyeko Muscat alituma saa ya GPS kwa ajili ya bibi, saa nzuri tu, ina laini, inapigika, inaonyesha ramani. Sasa bibi anavua saa kila akitawadha, amefanya hivyo toka akiwa msichana hutamfundisha leo kuacha, mara tano kwa siku saa inabaki kwenye ukingo wa karo uani, mjomba kule anaangalia ramani anaona mama yake yupo nyumbani ametulia na bibi yuko barabarani anaulizia basi la Pangani.

Kwahiyo usimvalishe, kishonee kwenye kitu asichokiacha. Bibi hatoki bila kibegi chake cha tambuu, basi kitagi, kale kakifaa kadogo ka kumtafutia, kiko humo ndani ya bitana. Kwa babu inaweza kuwa kofia, koti, au mkongojo. Angalia mzee wako akiwa anatoka anabeba nini, hiyo ndo sehemu yake.

Kuna aina mbili usizichanganye. Ya kwanza ni GPS yenye laini: inapata mahali kutoka satelaiti halafu inakutumia kwa laini ya simu, kwahiyo laini lazima isajiliwe kwa jina la mtu, iwe na bando, na betri ni ya kuchaji kila siku au kila baada ya siku mbili tatu, weka mtu mmoja mwenye jukumu hilo sio "tutasaidiana". Ndani ya soko lenye mabati inapotea, inakadiria kwa minara ya simu na inaweza kukosea kwa mamia ya mita. Na kama unanunua Marekani kumtumia mama huku, vingi vimefungwa kwenye mtandao wa kule, na vile vitufe vya shingoni vinavyolipiwa kila mwezi vinapiga kituo cha wahudumu wao, sasa huyo mhudumu atamtuma nani Buguruni?

Ya pili ni vitagi vidogo. Hivi havina laini wala GPS, vinanong'ona kwa bluetooth na simu zinazopita karibu ndo zinapeleka taarifa. AirTag ya Apple, iliyotoka 2021 kwa dola 29, inategemea iPhone zilizoko jirani, Masaki kwa wenye hela utaiona kila kona, Chanika pembezoni mwa mji utasubiri, na Apple wenyewe wanasema ni ya vitu sio ya watu. SmartTag2 ya Samsung inategemea Samsung Galaxy. Tangu 2024 Google nao wana mtandao wao unaotumia simu za Android, na kwa mitaa yetu ya Tecno na Infinix hivi vya Android vina mantiki zaidi, kukiwa na watu wengi wanaopita. Uzuri wa vitagi ni betri, inakaa mwaka. Ubaya wake ni betri hiyo hiyo, ile bapa kama sarafu, mtoto au mzee akiimeza inaunguza koo ndani ya masaa machache, kwahiyo kishonwe sawasawa.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, GPS yenye laini kwa mzee anayetoka toka sana, kitagi kwa anayezunguka mtaa ule ule. Lakini bangili kwanza.

Vinavyofuata, kwa haraka

Redio ya flashi. Ile ndogo ya kuchaji inayouzwa kila mahali, jaza flashi Qurani au kwaya au taarab za ujana wake, halafu ziba vitufe vyote kwa utepe wa gundi ubakize cha kuwasha na cha sauti. Jioni, wakati wengi wanaanza kuhangaika na kudai kurudi "kwao", inatuliza kuliko maneno yako.

Kisanduku cha dawa cha siku saba ni cha bei ndogo lakini ni cha mtunzaji, kikae juu ya kabati, mzee akiachiwa anaweza kunywa Jumatatu mpaka Alhamisi kwa mkupuo. Zipo mashine za kufungwa na funguo zenye vyumba 28 zinazunguka zenyewe na kulia muda wa dawa, ni za kuagiza na bei imesimama, zina maana kama mzee anashinda peke yake na bado yuko hatua za mwanzo.

Kitambuzi cha gesi, nunua, ila kifungeni chini karibu na sakafu maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala chini, ukikiweka juu kama cha moshi kitalia mmeshachelewa. Na regulata ifungwe kila baada ya kupika, hiyo ni bure.

Simu: kitochi kile kile anachokijua, hata kama kimechakaa. Kikifa mtafutie kinachofanana nacho, na mtu wake umweke kwenye namba 2 ya kubonyeza kwa muda. Simu janja usimpe leo kama hakuwa nayo jana.

Vya kuacha dukani

Saa janja za laki kadhaa zinazotambua mtu akianguka. Teknolojia ni ya kweli, Apple wameiweka tangu 2018, lakini inataka chaji kila siku, nyingi zinataka na simu yake pembeni, na kutawadha bado kupo.

Vidonge na juisi za kumbukumbu, hapana, hakuna kinachorudisha. Dawa za hospitali zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa na hizo anaandika daktari.

Na kuna roboti wa Kijapani anaitwa Paro, mfano wa mtoto wa sili mwenye manyoya, anapapaswa anafumba macho, anatumika kwenye nyumba za wazee huko nje na inasemekana anawatuliza. Bei yake ni kama dola 6,000. Bibi hajawahi kumuona sili, ila paka wa jirani anakuja kila siku saa nne kufuata dagaa.